Jinsi ya kufuatilia woga ndani ya Lord of the Flies mpaka uone ustaarabu ulidondokea wapi

Kama umepewa insha ya woga na kupotea kwa ustaarabu kwenye Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya wavulana wa Kiingereza waliokwama kisiwani bila mtu mzima, au unaisoma tu mwenyewe na unataka ikuingie vizuri, naomba kwanza uache ile sentensi ambayo kila mtu anaanza nayo, kwamba binadamu moyoni ni mnyama. Nimesahihisha insha nyingi sana za namna hiyo, mtu anaruka moja kwa moja mpaka Simon, mmoja wa wale watoto, anapouawa na wenzake, anaandika wakawa washenzi, basi kamaliza. Sasa wale watoto hawakuamka siku moja wakawa wauaji. Walianza kwa kuogopa usiku, hakuna aliyekaa nao akawasikiliza, halafu akatokea mwenzao akagundua kumbe woga wao una faida kwake. Hiyo ndo safari unayotakiwa kuionyesha na kitabu kimeiweka wazi kabisa ukijua pa kuangalia.

Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote, ni chapta 12 tu. Mara ya pili chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika kila sehemu mtu anapoogopa, nani, chapta ya ngapi, na hicho anachokiogopa anakiitaje. Kulia andika ni kitu gani cha kistaarabu kimeachwa karibu na hapo, na usisubiri makubwa, andika hata vidogo, zamu ya kutunza moto wa kuitia meli, maji ya kwenye vifuu vya nazi, vibanda kuachwa nusu, watoto kuacha kwenda kujisaidia kule kwenye mawe waliyokubaliana. Hiyo safu ya kulia ndo inayobeba insha nzima.

Nimesema uandike anakiitaje na nina sababu. Chapta ya 2 ni kitu kama nyoka, chapta ya 5 kinatoka baharini na tena kuna mizimu, chapta ya 6 kinatoka angani. Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Mtoto asiyejua anachoogopa anasema dude, halina umbo. Lakini likishaanza kupelekewa chakula hilo sio dude tena, hilo ni zimwi, na kwenye chapta ya 8 Jack, kiongozi wa wawindaji, anachomeka kichwa cha nguruwe kwenye mti analiachia kama zawadi. Weka alama hapo lilipogeuka, kwasababu kabla ya hapo walikuwa wanaogopa tu, baada ya hapo wanautumikia huo woga.

Tuanze na mstari wa kwanza kabisa ili uone inavyofanya kazi. Chapta ya 2, mtoto mdogo mwenye baka usoni anataka kuuliza kuhusu huyo nyoka, hata kuongea hawezi, ananong'ona na Piggy ndo anamsemea. Ralph, waliyemchagua kuwa mkubwa wao, anajibu hakuna dude, anarudia tena na tena, na kila akirudia unaona wadogo hawajatulia hata kidogo. Sasa msikilize Jack. Anasema Ralph yuko sahihi, hakuna nyoka, LAKINI angekuwepo tungemwinda tukamuua. Hiyo lakini ipigie mstari mara mbili. Ralph anawakatalia woga wao, Jack anaupa kazi ya kufanya, na watoto wanaenda kwa nani? Kidogo tu moto wa mlimani unawashinda na yule mtoto haonekani tena, wala jina lake hatuambiwi kamwe, maana Piggy alitaka waandikwe majina wahesabiwe na hakuna aliyemsikiliza. Kushoto andika nyoka. Kulia andika hawakuhesabiana.

Chapta ya 5 ndo tajiri kuliko zote, kaa hapo muda mrefu. Ralph anaitisha kikao jioni sana, giza linaingia, na mwenyewe anakuja kugundua amekosea saa. Ana ajenda nzuri kabisa, maji, vibanda, choo, moto, halafu mwishoni anataka wamalize suala la woga, na wanaishia kupiga kura gizani kama mizimu ipo au haipo. Yaani kura, chombo cha watu wazima, inatumika kuamua kitu kisichoamuliwa kwa kura, na ikishashindwa hapo hata lile kombe wanalopuliza kuitana linapungua heshima. Simon anajaribu kusema pengine dude lenyewe ni sisi, wanamzomea. Hapohapo yupo Percival, mtoto mdogo, akiulizwa jina anataja jina lake lote na anwani ya kwao kama alivyokaririshwa nyumbani, halafu analia. Mwekee alama, utamhitaji.

Kitu kingine ambacho wengi wanakosea ni kuwaweka watoto wote kapu moja. Woga hauwafanyi wote kitu kilekile, mfuate Roger utaona. Chapta ya 4 amejificha anamtupia mawe mtoto anaitwa Henry, lakini anatupa kwa kumkosa, kuna duara la kama yadi 6 kumzunguka yule mtoto ambalo mkono wake haudiriki kuliingia, kwasababu wazazi na shule na polisi na sheria bado wapo ndani ya ule mkono, ingawa wenyewe wako mbali sana. Chapta ya 11 anatupa tena kijiwe katikati ya wale mapacha, Sam na Eric, na bado anakosa makusudi. Muda mfupi baadae kwenye chapta hiyohiyo anaegemea gogo lililotegeshwa chini ya jiwe kubwa, jiwe linashuka linamuua Piggy na lile kombe linasagika. Mkono ni uleule. Sasa Roger hakuwa anaogopa dude kama wenzake, ila woga wa wenzake ndo uliowaondoa wote ambao wangemwambia acha. Ukiandika hilo peke yake vizuri umeshapita insha nyingi nilizosoma.

Kwenye kifo cha Simon, chapta ya 9, usikimbilie damu. Angalia kwanza Ralph na Piggy wanaingiaje kwenye ngoma ya wawindaji wa Jack. Mvua inakuja, radi zinapiga, na wao wanaojua kabisa kwamba ni upuuzi wanasogea mduarani kwasababu ndani ya duara kuna usalama kidogo. Simon anatoka msituni kuja kuwaambia dude la mlimani ni maiti ya mtu tu, askari aliyeshuka na parachuti akiwa tayari amekufa, upepo ndo unamwinua na kumlaza, na wao wanamuua aliyeleta habari ya kuwatuliza. Asubuhi yake, chapta ya 10, andika maneno wanayotumia. Ralph anasema ni mauaji, Piggy anasema ni bahati mbaya, mapacha wanadai waliondoka mapema. Upande wa pili Jack, ambaye ameshajitenga na kuunda kundi lake, anawaambia watu wake lile lilikuwa dude limejigeuza na kwamba haliwezi kuuawa. Na lazima aseme hivyo, maana dude likifa na utawala wake umekufa.

Usiache vita nje. Kitabu kilitoka 1954, William Golding alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana Salisbury na kabla ya hapo alikuwa jeshi la majini la Uingereza, alikuwepo kwenye uvamizi wa Normandy 1944. Yule maiti wa parachuti ni mtu mzima, ametoka kwenye ulimwengu uleule ambao watoto wanauomba uwaokoe.

Kama swali linakutaka useme Golding yuko sahihi au hayuko, tumia kisa cha kweli cha vijana 6 wa Tonga, visiwa vya Pasifiki, ambao 1965 walikwama kisiwa cha 'Ata zaidi ya mwaka, wakatunza moto, mwenzao akavunjika mguu wakamfunga mpaka ukaunga, mpaka nahodha wa Australia, Peter Warner, akawakuta 1966. Ila usiwatumie kama rungu la kumpigia mwandishi. Walikuwa marafiki, wachache, hakuna wadogo wanaolia usiku. Andika hiyo tofauti, mtahini ataipenda.

Ukikaa kuandika sasa, chagua mistari mitatu tu ya kwenye karatasi yako na kila mstari uufanye aya moja, woga kwanza, halafu nani aliutumia, halafu kilichodondoka. Ya mwisho ningekushauri iwe ya Percival. Ofisa wa manowari ameshafika ufukweni na yunifomu yake nyeupe, mtoto anasimama mbele yake ajitambulishe, anaanza mimi ni, mimi ni, na hata jina lake haliji, sembuse ile anwani.