Riwaya ya kijasusi Pemba: wakimbizi wakimsaka mhalifu wa vita

Ukiandika riwaya kama hii, anza na msakwa, si na msakaji. Jua anakula wapi, nani anamdhamini, na kitambulisho chake kina jina gani. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, alikamatwa Mei 2020 kwenye fleti karibu na Paris. Fulgence Kayishema, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo hayo, alikamatwa Mei 2023 mjini Paarl, Afrika Kusini. Wote walitumia majina ya bandia, na hakuna aliyekuwa pangoni. Basi na msakwa wako mpe kazi: msimamizi wa wachumaji karafuu, anayepima kwa pishi na kulipa jioni.

Lakini Pemba mgeni hafichiki. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, atamtaka ajieleze, barazani watamuulizia. Mpe mke wa hapo au mwenyeji mwenye heshima, la sivyo msomaji wa Wete hatakuamini.

Roho ya riwaya ni kumtambua, kwa hiyo hapo tulia. Baada ya miaka 30 sura imebadilika, ulimi hausahau. Wasemaji wengi wa Kinyarwanda huchanganya r na l. Mkimbizi amekaa chini, anachambua karafuu, makonyo (vijiti vyake) huku, karafuu kule. Nyuma yake msimamizi anafoka: "Leo hakuna kurara mpaka ziishe!" Vidole vinaganda. Asigeuke. Aendelee kuchambua, ila sasa makonyo anayatupia upande wa karafuu.

Sikio peke yake si ushahidi. Hata mkimbizi mwenyewe huenda anatamka vivyo hivyo. Tafuta mashahidi wawili wasiojuana, kila mmoja aoneshwe picha kadhaa, si moja.

Kosa baya kuliko yote ni wakimbizi kumfunga kamba na kumpakia chomboni. Huo ni utekaji, na kesi huharibika. Wapeleke jalada: Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilifungwa 2015, na kazi iliyobaki iko kwa chombo cha Umoja wa Mataifa chenye tawi hapo hapo Arusha. Kumbuka pia kwamba mkimbizi wa kambini Kigoma hatoki bila kibali. Akienda polisi, anaweza kuwekwa ndani yeye kwanza. Hofu hiyo ina nguvu kuliko bastola yoyote.

Ukitaka msakwa atoroke, tazama maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka kupita kiasi, bahari hujaa karibu saa kumi alasiri, na kufikia saa nne usiku imekauka. Mashua aliyoifunga alasiri ikielea, usiku ataikuta imelala ubavu mchangani.