He, she, him, her: jinsi ya kuzitumia bila kuchanganya

Jamani hii kitu inatesa watu wengi sana na haina haja. Kiswahili chetu yeye ni mmoja tu, awe mjomba awe shangazi, ndo maana mtu anaongea Kingereza kizuri kabisa alafu ghafla anasema my mother, he is sick. Sio kwamba hajui, ni mazoea tu. Kwahiyo jizoeze kujiuliza kwanza namtaja nani: mwanaume he, mwanamke she, kitu it, wakiwa wengi they.

Sasa he na him unatofautishaje? Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia. Angalia neno anampenda, ile a ya mwanzo ndo mtendaji na ile m ya katikati ndo anayetendewa, basi penye a weka he au she, penye m weka him au her: she loves him. Hivohivo na ile ni ya mimi, ikiwa mwanzoni kama ninamwona ni I see him, ikiingia katikati kama ananiona inakua me, he sees me. Alafu baada ya with, for, to na between inakuja ile ya kutendewa, yaani with me, for him, between you and me. Ukisema between you and I kwenye mtihani wanaweza kukukata maksi.

Penye kukwama zaidi ni his na her za umiliki, yaani yake au wake. Juma amekuja na dada yake, utasikia Juma came with her sister, eti kwa sababu dada ni mwanamke. Hapana! Usiangalie dada, angalia mwenye dada. Mwenye dada ni Juma, kwahiyo his sister. Asha na mume wake ni her husband, hata kama mume ana ndevu hadi kifuani.

Ingine, usirudie mtendaji. My brother he works in Mombasa sio sahihi, my brother works inatosha. Ila kama hujamtaja mtu huwezi kuruka kiwakilishi, anakuja ni he is coming au she is coming, na mvua inanyesha wanasema it is raining, hiyo it lazima iwepo.

Chukua meseji zako za WhatsApp za leo, kila penye a, m na yake tafsiri kwa sauti, anza na zile zinazomtaja mama.