Kutega Stoti ili Kuokoa Vifaranga vya Kiwi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unawahusu wasemaji wa Kiswahili waishio New Zealand ambao wamejiunga, au wanakusudia kujiunga, na vikundi vya kujitolea vinavyohudumia mitego ya stoti katika misitu yenye kiwi, ndege asiyeruka wa nchi hii. Kazi yenyewe si ngumu kujifunza. Ugumu wake ni kuiendeleza mwaka hata mwaka bila kuilegeza, kwa kuwa mitego mingi isiyohudumiwa haimlindi ndege yeyote.

Kabla ya binadamu kufika, visiwa hivi havikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo. Adui wa ndege alikuwa ndege mwenzake, awindaye kwa macho kutoka juu, na ndiyo sababu ndege wengi wa huku hujikinga kwa kutulia tuli mahali walipo. Kinga hiyo haifui dafu mbele ya mnyama anayewinda kwa kunusa. Stoti, mnyama mdogo mwembamba wa jamii moja na kicheche, aliletwa kutoka Uingereza katika miaka ya 1880 ili apunguze sungura waliokuwa wakimaliza malisho ya kondoo, ingawa wataalamu wa ndege walitoa onyo mapema. Leo, katika misitu isiyodhibitiwa, ni takriban vifaranga 5 tu vya kiwi kati ya 100 vinavyofikia ukubwani, na stoti ndiye muuaji wao mkuu. Kifaranga akishafikisha uzito wa takriban kilo moja huwa na miguu yenye nguvu ya kutosha kumkabili stoti. Kwa hiyo tunachotafuta ni kumvusha katika miezi hiyo ya mwanzo.

Hatua ya kwanza: ruhusa na aina ya mtego

Usitege popote kabla ya kupata idhini ya mwenye ardhi, awe ni mkulima, ukoo wa Wamaori au Idara ya Uhifadhi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 1999 inamtaka mtu anayetumia mtego wa kunasa mnyama akiwa hai aukague kila siku. Kwa sababu hiyo vikundi vingi hutumia mtego wa kuua papo hapo, hasa ule uitwao DOC 200, ambao huua stoti, panya na kalunguyeye.

Hatua ya pili: kuchora mstari wa mitego

Stoti mmoja huzunguka eneo kubwa, hivyo hakuna haja ya kurundika mitego mahali pamoja. Kanuni inayofuatwa ni kuacha mita 200 kati ya mtego na mtego, na mistari isitengane kwa zaidi ya mita 800. Kwa panya, ambaye maisha yake yote huyapitisha katika eneo dogo, mitego huachana mita 50 na mistari mita 100, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba kumdhibiti panya kunahitaji watu wengi zaidi kuliko walivyodhani. Tega kandokando ya vijito, kwenye migongo ya vilima, penye magogo yaliyoanguka na pale msitu unapopakana na malisho, kwa kuwa stoti hupenda kufuata kingo kuliko kukatiza uwanda ulio wazi.

Hatua ya tatu: sanduku

Hatua hii isifanywe kwa haraka hata kidogo, kwani mtego usio na sanduku sahihi unaweza kumuua ndege yule yule unayetaka kumlinda. Mtego hufungwa kwa skrubu ndani ya sanduku la mbao ambalo mlango wake, uliozungushiwa wavu wa waya, una upana wa milimita 60 kwa 60. Ndani kuna ukuta wa pili wenye tundu la ukubwa uo huo, lakini halikabiliani moja kwa moja na lile la nje. Mpangilio huu humlazimisha stoti kupinda na kukanyaga katikati ya bamba linalofyatua mtego, jambo linalomfanya afe mara moja, na wakati huohuo humzuia kiwi kuufikia mtego kwa mdomo wake mrefu. Wapo pia weka, ndege wasioruka walio wadadisi kupita kiasi. Sanduku lenye mlango mpana au kifuniko kisichokazwa huwavuta waingize kichwa. Kifuniko kifungwe kwa skrubu, na sanduku likae imara kwenye ardhi iliyosawazishwa, kwa sababu stoti hukwepa kitu kinachotikisika anapokikanyaga.

Anayetega posamu, mnyama mgeni apandaye miti, kwa mitego ya kubana miguu katika eneo lenye kiwi anapaswa kuiinua angalau sentimita 70 kutoka ardhini. Kiwi aliyevunjika mguu au mdomo hana maisha.

Hatua ya nne: chambo na kutega

Yai la kuku zima hudumu wiki kadhaa na humwongoza stoti kwa macho. Nyama ya sungura, mbichi au iliyotiwa chumvi, humwongoza kwa harufu lakini huharibika upesi wakati wa joto. Mimi hupendelea kuviweka vyote viwili, nyuma kabisa ya mtego, ili mnyama asivifikie bila kukanyaga bamba. Jaribu pia wepesi wa bamba: lifyatuke kwa uzito usiozidi takriban gramu 100, la sivyo stoti jike mdogo atapita bila kudhurika. Mtego huu unaweza kuvunja vidole, kwa hiyo weka kizuizi cha usalama kabla ya kuingiza mkono, na ukitoe mwisho kabisa.

Hatua ya tano: kukagua kwa kufuata majira

Kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukaguzi mmoja kwa mwezi hutosha. Kuanzia Desemba hadi mwishoni mwa kiangazi cha huku, watoto wa stoti huachana na mama zao na kutawanyika, na wakati huo inafaa kukagua kila baada ya wiki mbili. Majike wachanga hupandwa wakiwa bado ndani ya pango, kabla hata ya kufumbua macho, kisha mimba hukaa bila kukua kwa miezi mingi. Kwa hiyo jike mmoja anayehamia bonde lililosafishwa, au anayeogelea hadi kisiwa cha jirani, anaweza kuanzisha kizazi kipya peke yake. Mwaka ambao miti ya misitu ya huku iitwayo bichi (beech) imezaa mbegu nyingi, panya huongezeka, na stoti huongezeka nyuma yao. Jiandae kabla ya kiangazi kinachofuata.

Kila unapofungua sanduku, safisha mtego kwa brashi ya waya, badilisha chambo na andika ulichokuta, hata kama hukukuta kitu.

Hatua ya sita: kupima matokeo

Hesabu ya mizoga hufurahisha kikundi lakini haisemi ni wanyama wangapi waliobaki. Tumia vihandaki vya nyayo, yaani vijisanduku vyembamba vyenye kadi na wino, vilivyowekwa kumi kwa mstari mmoja kila baada ya mita 50. Kwa panya, weka siagi ya karanga usiku mmoja. Kwa stoti, weka nyama ya sungura siku tatu katika kila kihandaki cha pili. Asilimia ya vihandaki vyenye nyayo ndiyo kipimo chako. Ukiona panya wanaongezeka baada ya stoti kupungua, usishangae, maana stoti alikuwa akiwala.

Wala usiwasahau mbwa. Mwaka 1987, katika msitu wa Waitangi, mbwa mmoja alikadiriwa kuua kiwi wapatao 500. Mtego hauzuii janga la namna hiyo; zungumza na majirani kuhusu kuwafunga mbwa wao usiku.

Msomaji aliye Afrika Mashariki asiuhamishe mwongozo huu kwa nguchiro au kicheche wa bara, ambao ni wenyeji na wana nafasi yao. Huko, mahali panapofanana na hapa ni visiwa kama Chumbe, Zanzibar, ambako panya waliondolewa mwaka 1997.

Mwisho, ili kujua kama kiwi wenyewe wanaongezeka, mwezi wa Mei na Juni, baada ya giza kuingia, keti mahali palepale kwa saa mbili na uandike kila mlio wa kiwi, muda wake na upande ulikotokea. Rudia usiku kadhaa, kila mwaka, kisha linganisha.