Somo: Huduma ya kwanza ya ajali kwa simu yako, mpaka mikono izoee

Salgaa, Sachangwan, makutano ya Londiani: anayetoka Nakuru kwenda Eldoret au Kericho anazijua. Ajali ikitokea, anayefika kwanza ni mtu wa boda, muuza mahindi au utingo wa lori la nyuma. Somo hili ni lao.

Hatua ya 1: Pakua mapema. Programu ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, na ukishaipakua unasoma hata bando likiisha. Hifadhi pia 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Hatua ya 2: Anza na damu. Masomo mengi hutanguliza kukandamiza kifua. Mimi naona hilo lisubiri. Damu inayoruka huua kwa dakika chache, na wewe unaweza kuizuia. Tazama video ya programu, kisha izime. Mlaze ndugu yako sakafuni, kunja leso iwe nene, iweke pajani. Kiganja juu yake, cha pili juu ya hicho, viwiko vimenyooka, uzito wote wa mwili uende chini. Dakika 10 bila kuinua kuchungulia. Mikono itaanza kutetemeka mapema, na wengi huachilia papo hapo. Leso ikilowa, ongeza nyingine juu na ukaze zaidi. Ya chini usiibandue.

Hatua ya 3: Kukandamiza kifua. Jifunzie kwenye mto mgumu, kamwe si kwa mtu mwenye afya. Mara 30, kisha pumzi 2. Kasi ni 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kishuke sentimita 5 hadi 6.

Hatua ya 4: Usalama wako, ambao video huugusa juujuu. Weka pembetatu barabarani, zima injini. Likipinduka lori la mafuta, fukuza watu. Januari 2009 pale Sachangwan zaidi ya watu 100 walikufa moto ulipolipuka wakichota mafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtu wa boda, Kondele: Mwenzetu akianguka tumvue helmeti?
Jibu: Akipumua vizuri, mwachie, fungua kioo na umshikie kichwa kisicheze. Asipopumua, au akitapika ndani, ivueni wawili: mmoja ashike shingo na taya, mwingine aivute polepole.

Mama, Molo: Majeruhi anaomba maji. Kumnyima si ukatili?
Jibu: Mama, mloweshe midomo kwa kitambaa tu. Anaweza kupaliwa, na huenda akaingia chumba cha upasuaji.

Utingo, Nakuru: Nimvute nje ya gari?
Jibu: Moto ukiwaka, maji yakiingia, au akishindwa kupumua pale alipo, ndiyo. La sivyo mwache, shingo huenda imeumia.

Mwalimu, Kakamega: Cheti cha mtandaoni kitakubalika kazini?
Jibu: Usikitegemee, mwalimu. Kazini hutakiwa mkufunzi aliyeidhinishwa, ana kwa ana.

Mtu wa boda tena: Na glavu tukikosa?
Jibu: Karatasi ya mkate. Ivae mkononi kama soksi, ukimaliza ivue kwa kuigeuza ndani nje, kisha unawe kwa sabuni.