Jinsi ya Kuwapa Wenzako Michoro ya Ujenzi Mtandaoni Wakurudishie Maoni Yenye Msaada

Mchoro wa ujenzi unaoandaliwa na mtu mmoja, ukakamilika bila jicho la pili kuupitia, makosa yake huja kuonekana kiwanjani, na huko kila kosa lina bei: tofali zimekwisha kupangwa, nondo zimekwisha kukatwa, na mwenye nyumba amekwisha kulipa. Sisi tunaochora nyumba za kuishi katika ofisi za watu wawili watatu, au peke yetu na kompyuta moja mezani, hatuna mkuu wa idara wa kutupitishia kazi kabla haijatoka. Wenzetu wa fani wako Mwanza, Mbeya, Mombasa na hata Muscat, na njia ya kuwafikia ni mtandao. Hapa nitaeleza namna ya kuwatumia michoro ili wakurudishie maoni yanayobadilisha kitu kwenye karatasi, na nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nyumba ya familia yenye ghorofa moja juu, vyumba vinne vya kulala, katika kiwanja cha mita 20 kwa 25 Dar es Salaam.

Swali kwanza, mchoro baadaye

Anayetuma ramani na kuandika tu "naomba maoni wakuu" hupata majibu ya aina mbili: sifa, na mabishano juu ya rangi ya bati. Wenzake hawana uvivu. Hawajaambiwa watazame wapi. Mchoro mmoja wa sakafu una mamia ya maamuzi ndani yake, na mtu mwenye dakika kumi za mapumziko hawezi kuyapitia yote. Kwa hiyo, kabla hujafungua programu ya kutumia ujumbe, andika maswali mawili au matatu ambayo wewe mwenyewe yanakukosesha usingizi, na uyaandike kwa vipimo. Kwa nyumba yetu ya mfano ningeandika hivi:

"Naomba mnisaidie kwenye ngazi, karatasi ya A-03. Sakafu hadi sakafu ni milimita 3,150. Nafasi niliyonayo ni 2,900 kwa 2,100, nami nimepanga ngazi 18 zenye kimo cha 175 kila moja, kwa mikondo miwili yenye pumziko katikati. Sehemu ya kukanyagia imebaki 240, na nahofia ni nyembamba kwa wazee watakaoishi humo. Nikiikata korido milimita 300 nitapata 275 na pumziko la mita moja kamili, lakini korido itabaki 1,000. Je, mngechagua lipi, au mnaona njia ya tatu? La pili: boriti ya mstari wa C inapita juu ya mkondo wa kwanza, naomba mtu anikagulie kimo cha kichwa kwenye mkato wa 1-1. Maoni juu ya mwonekano wa mbele sihitaji kwa sasa."

Mkondo hapo ni safu moja ya ngazi kati ya sakafu na pumziko; mstari wa C ni mmoja wa mistari ya gridi inayopewa herufi na namba ili kutaja mahali kwenye mchoro; mkato ni mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima; na kimo cha kichwa ni nafasi iliyopo juu ya anayepanda. Msomaji wa ujumbe huo anajua afungue karatasi gani, apige hesabu gani, na anyamaze kuhusu nini. Tazama pia kwamba mwandishi amesema alichokwisha kukifikiria mwenyewe. Hilo huwaokolea wengine kazi ya kumweleza anachokijua, na huonyesha heshima kwa muda wao. Mtu aliyepiga hesabu ya kawaida ya kujumlisha vimo viwili na ukanyagio mmoja atapata 590 katika hali ya kwanza na 625 katika ya pili, zote zikiwa ndani ya 550 hadi 700 zinazokubalika na wengi, na kutoka hapo mazungumzo yanahamia kwenye jambo lenyewe, yaani mguu wa mzee anayeshuka gizani.

Mambo ambayo mchoro hauwezi kukosa

Mwenzako hajawahi kufika kiwanjani, kwa hiyo unachokiona wewe ukifumba macho yeye hakioni kabisa. Jambo linalosahaulika kuliko yote, kwa ninavyoona, ni alama ya kaskazini, na bila hiyo maoni yote juu ya joto na hewa ni ya kubahatisha. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, lakini likiwa juu kiasi kwamba upenu wa kawaida unatosha kulizuia. Linalotesa ni jua la chini la asubuhi na hasa la alasiri, linaloingia moja kwa moja kwenye madirisha ya magharibi. Upepo nao una majira yake: kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka, kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Mtu anayejua kaskazini iko wapi atakuambia kwa mtazamo mmoja kwamba umemweka mtoto katika chumba kitakachokuwa tanuri saa kumi jioni, na kwamba stoo ndiyo ingefaa kukaa upande huo.

Baada ya kaskazini, weka mwelekeo wa mteremko wa kiwanja na tofauti ya kimo kutoka pembe moja hadi nyingine, mahali barabara ilipo, na mahali pa shimo la maji taka, likiwemo la jirani kama unalifahamu. Andika aina ya udongo kwa maneno ya kawaida: mchanga, kichanga chekundu, au mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Taja unene wa tofali, kwa sababu ukuta wa inchi 6 na wa inchi 5 haubebi mambo sawa, na chumba ulichokiandika mita 3 kwa 3 kinaweza kuwa kimepimwa katikati ya kuta au ndani ya lipu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kitanda na kabati vitaingia.

Skeli inahitaji uangalifu wa pekee. Ukichora 1:100 kwenye karatasi ya A3, kisha mwenzako akachapisha kwa A4, skeli imekuwa takribani 1:141, na rula yake itampa majibu ya uongo; akiitazama kwenye simu, namba hiyo haina maana yoyote. Chora mstari wa skeli wenye mita zilizogawanywa, kwa kuwa mstari hupungua au kukua pamoja na mchoro. Hata hivyo vipimo vilivyoandikwa ndivyo vinavyotawala, kwa hiyo visikosekane.

Cha kuondoa kabla ya kutuma

Hakikisha kwamba nakala unayoituma haina jina la mteja, namba ya simu, namba ya kiwanja na kitalu, wala ramani inayoonyesha mtaa. Mchoro wa nyumba unamwambia mtu mahali mlango wa nyuma ulipo, dirisha lipi halina nondo na kasiki imejengwa ukuta gani. Ukiambatana na anwani, umemfanyia mwizi kazi yake. Jina la mteja hubaki pia katika taarifa za ndani za faili, ambazo hazionekani kwenye karatasi, kwa hiyo zifungue na uzifute. Mwombe mteja ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, mtu aliyekueleza namna familia yake inavyolala amekuamini.

Mhuri na saini visitoke kamwe. Mhuri wa mbunifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa ukiwa kwenye picha safi unaweza kukatwa na kubandikwa kwenye mchoro ambao mwenye mhuri hajawahi kuuona, na siku jengo hilo likileta matatizo, jina litakaloulizwa ni lake. Badala ya mhuri andika kwa herufi kubwa, kukatiza karatasi, maneno haya: KWA MAONI TU, USIJENGEE.

Maneno hayo niliyajifunza kwa gharama. Niliwahi kutuma mchoro wa msingi kwa wenzangu, wakagundua kuwa mistari miwili ya kuta haikuoana na ya juu, nikarekebisha na kutoa toleo jipya. Fundi wa kiwanja hicho alikuwa amepata lile la kwanza kupitia kwa rafiki yake, likiwa kwenye simu, bila tarehe wala herufi ya toleo. Alichimba kwa kulifuata. Mitaro mirefu ya mita 4 na nusu ilifukiwa na kuchimbwa upya, na sikuwa na neno la kumlaumu nalo, kwa kuwa karatasi aliyokuwa nayo haikumwambia chochote.

Faili na njia ya kulituma

Tuma PDF iliyotolewa moja kwa moja na programu ya kuchorea. Picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu haifai, na picha iliyotumwa WhatsApp kama picha hupunguzwa ubora hadi vipimo vikawa ukungu. Tuma kama waraka na faili litafika lilivyo. Mistari ikiwa na rangi za kioo, hasa njano na samawati hafifu, haitasomeka kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo toa kwa rangi nyeusi yenye unene tofauti: nene kwa kuta zilizokatwa, nyembamba kwa samani na vipimo.

Faili la DWG, yaani lile la programu ya kuchorea linaloweza kuhaririwa, mpe yule tu mnayefanya naye kazi, na ulifungashe pamoja na viambatisho vyake vyote, maana michoro ya rejea iliyounganishwa kwa nje isipoambatana, mwenzako atafungua ukurasa wenye kuta bila kiwanja. Kumbuka pia kwamba DWG ni kazi yako ikiwa katika hali ya kuchukulika na kubadilishwa jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za usanifu majengo, lakini kudai haki baada ya kunakiliwa ni safari ndefu kuliko kujizuia kutuma.

Jina la faili liseme karatasi, toleo na tarehe, kwa mfano A-03_B_2025-03-14. Neno "mwisho" lisiingie katika jina la faili, kwa kuwa litafuatwa na "mwisho mpya" na hakuna atakayejua lipi ni lipi. Kila badiliko lizungushiwe mstari wenye umbo la wingu na kuandikwa herufi ya toleo pembeni, ili aliyekagua A asianze upya kukagua B.

Kwa watu zaidi ya watatu, kiungo cha Google Drive ni bora kuliko kutuma faili kwa kila mtu. Toa ruhusa ya kutoa maoni, si ya kuhariri. Mwenzako ataweka alama juu ya mahali hasa anapopazungumzia, na wote mtakuwa mnatazama karatasi moja. Gumzo la WhatsApp litumike kutangaza kwamba kiungo kipo. Maoni yakiachwa humo, kufikia jioni yatakuwa yamezama chini ya salamu na matangazo ya saruji.

Kupokea maoni na kuyatoa

Weka muda. Siku nne au tano zinatosha, na mwisho wake utajwe kwa siku na saa. Maoni yote uyaingize katika jedwali lenye namba, karatasi, mahali kwa mistari ya gridi, maoni yenyewe, na jibu lako: nimekubali, nimekataa na sababu, au nampelekea mhandisi. Safu ya sababu ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu ikikulazimu kuandika kwa nini umekataa, mara nyingine unagundua kwamba huna sababu.

Watu wawili wakipingana, usihesabu kura. Aliyewahi kusimamia kenchi zikipandishwa na aliyeona tu picha zake hawana uzito sawa katika suala la paa, na fundi bomba asiyejua programu yoyote anaweza kuwa ndiye pekee aliyeona kwamba bomba la choo cha juu linashuka katikati ya sebule. Waalike mafundi. Wao husoma mchoro wakiufikiria mikononi, na hukuuliza maswali ambayo msanifu hajiulizi, kama vile mtu atasimama wapi akipiga lipu nyuma ya tangi.

Zamu yako ikifika ya kukagua kazi ya mwenzako, soma ujumbe wake kabla ya mchoro. Kisha linganisha karatasi na karatasi: ukuta wa juu umekaa juu ya nini, dirisha la kwenye mkato lipo kwenye mpango wa sakafu, milango ikifunguka inagongana na nini. Taja mahali na athari. "Choo kibaya" ni hukumu isiyo na msaada; "mlango wa choo cha wageni, mstari wa B-2, unagonga sinki ukifika nusu, ungefaa ugeuzwe bawaba" ni maoni. Tenganisha kosa na upendeleo wako, na ukiandika upendeleo useme kwamba ni upendeleo. Mchoraji kijana akidhihakiwa mbele ya watu mia mbili hatatuma tena mchoro, na makosa yake yatahamia kwenye zege.

Mpaka wa maoni ya wenzako

Ukubwa wa nguzo, idadi ya nondo, unene wa slabu na kina cha msingi havipatikani kwa kuuliza kundi. Mtu atakujibu "weka nondo nne za milimita 16" kwa nia njema kabisa, bila kujua mzigo, urefu wa boriti wala udongo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na kila anayechora katika mji huu anapaswa kuikumbuka siku hiyo anapoandika kipenyo cha nondo. Wenzako wanaweza kukuonyesha kwamba nguzo ya juu haikukaa juu ya nguzo ya chini, na hilo ni msaada mkubwa. Jibu la nini kifanyike ni la mhandisi aliyesajiliwa, aliyepiga hesabu na atakayeweka saini. Vivyo hivyo kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na makubaliano ya kundi zima hayana nguvu mbele yake.

Muda uliouweka ukiisha, funga ruhusa ya kiungo, toa toleo jipya, na uwaandikie wote waliochangia ukitaja kilichobadilika kwa namba za jedwali. Kwa nyumba yetu ungeandika kwamba korido imekatwa hadi 1,000, sehemu ya kukanyagia imekuwa 275, na boriti ya mstari wa C amepelekewa mhandisi pamoja na mkato wa 1-1.