Kupima malipo ya mkurugenzi wa kampuni ya uuguzi wa nyumbani

Nakagua hesabu hapa Mbeya, na wanahisa wa kampuni zinazopeleka wauguzi majumbani huniuliza: mkurugenzi wetu anastahili anacholipwa? Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1. Omba hesabu zilizokaguliwa, ufungue maelezo ya nyuma penye miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni, kama wakurugenzi na jamaa zao. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 24, kinadai malipo ya viongozi wakuu yaonyeshwe. Ila huandikwa jumla ya wote, kwa hiyo iombe bodi mkataba wa mkurugenzi mwenyewe.

Hatua ya 2. Jumlisha mwaka mzima. Tuseme mshahara ni milioni 4 kwa mwezi, yaani milioni 48. Ongeza pango la nyumba mtaa wa Forest, milioni 7.2, gari na mafuta, 12, bonasi, 8. Umefika milioni 75.2. Anayetaja mshahara peke yake ameacha zaidi ya theluthi.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Mlinganishe na muuguzi, kwa saa. Kwa wiki ya saa 45, mkurugenzi wetu anapata kama shilingi 32,000 kwa saa. Muuguzi wa zamu aliyelipwa 280,000 kwa saa 80 anapata 3,500. Tofauti ni mara 9.

Sasa muulize muuguzi kuhusu njia. Kutoka Mwanjelwa hadi Isyesye, kisha Uyole, kisha kurudi Iyunga, masika bodaboda zikikwama kwenye tope: saa hizo zinalipwa? Kama ametumia saa 40 njiani bila malipo, anapata 2,333 kwa saa, na tofauti inafika karibu mara 14. Nauli ikitoka mfukoni mwake, ni zaidi. Kwangu mimi hii ndiyo namba yenye uzito kuliko zote.

Kampuni kubwa za Marekani zilizo kwenye soko la hisa hutangaza uwiano wa malipo ya mkuu na mfanyakazi wa katikati, yaani ambaye nusu ya wenzake wanalipwa zaidi yake na nusu pungufu. Usiuchukue ukaulinganisha na wenu: kule hawaruhusiwi kumhesabu mfanyakazi wa saa chache kana kwamba ni wa kutwa, hivyo kwenye uuguzi wa nyumbani uwiano huvimba.

Hatua ya 4. Soma masharti ya bonasi. Ikitegemea idadi ya ziara tu, wagonjwa watahudumiwa mbiombio. Naiheshimu inayoangalia pia waliorudishwa wodini na wauguzi walioacha kazi.

Hatua ya 5. Angalia muhtasari wa kikao kilichopitisha malipo. Kama mkurugenzi hakutoka nje wakati wa kuamua, andika swali lako na ulipeleke mkutano mkuu kabla hesabu hazijapitishwa.