Kukaa na familia ya Kigujarati, na kwenda nao kijijini

Ukiitwa kuangalia chumba kwa familia hapa Vadodara, mji wa jimbo la Gujarat, India, kabla ya kuuliza kodi uliza kwanza ni vitu gani haviingii jikoni kwao. Nyumba nyingi za Wahindu na Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini nyingine ya India) wa Gujarat hazipiki nyama, samaki wala mayai, na Wajaini wenye kushika dini sana hawagusi hata vitunguu na viazi. Katazo hilo linahusu pia chumba chako na friji yako, na ule mfuko wa kuku wa kukaanga utakaorudi nao usiku. Kama huwezi, sema mapema, kisha utafute hosteli au mtaa wa Waislamu. Kuna wenye nyumba watakaokukataa kwa sababu tu umetoka Afrika, na hilo linauma. Usilazimishe, tafuta pengine. Na pombe iache kabisa: Gujarat imeipiga marufuku tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960.

Karatasi zishughulikie siku ileile. Anayemlaza mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24 kwa fomu ambayo wengi wanaiita Fomu C. Wewe mwenyewe, kama viza yako ya masomo inazidi siku 180, unajisajili FRRO, ofisi ya wageni, ndani ya siku 14 tangu uingie nchini. Yote yanafanyika kwenye intaneti. Familia nyingi hazijawahi kuisikia fomu hiyo, kwa hiyo kaa nao mezani mjaze pamoja.

Sasa jikoni, maana humo ndimo watakakokujua. Viatu vinabaki mlangoni. Kwenye kona utaona mtungi wa udongo wenye maji ya kunywa, juu yake kata ya chuma yenye mpini mrefu. Chota kwa kata, mimina kwenye glasi, rudisha kata bila kuigusisha mdomo. Watu wengi hapa hata glasi hawaigusishi midomo, wanainua na kumimina maji kooni kutoka juu. Jifunze chumbani kwako ukiwa umevaa nguo ya kulowa. Kitu kilichokwisha kuguswa na mdomo kinaitwa jutha, na hakirudi kwenye chakula cha wengine: usionje mchuzi kwa mwiko ukaurudisha chunguni, usimegee mwenzako chapati uliyokwisha kuing'ata. Mkono wa kulia ndio wa kula na wa kupokea, hapo sisi watu wa Pwani hatuna la kujifunza.

Wadada, hili nawaambia waziwazi. Katika baadhi ya nyumba mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii jikoni wala kwenye chumba cha sala. Masi mwenye nyumba wangu (masi ni mama mdogo, na ndivyo ninavyomwita) aliniweka pembeni akanieleza kwa upole. Sikubaliani na desturi hiyo, na nilimwambia hivyo. Lakini jiko ni lake, kwa hiyo siku hizo ananiletea sahani yangu nami nakula barazani. Muulize wa kwenu mapema, usisubiri mpaka mtu aone haya.

Bafuni utakuta ndoo na kopo. Washa swichi ya maji ya moto kabla, na uizime ukimaliza.

Siku moja watakuambia: twende kijijini kwetu. Kama ni kati ya Novemba na Februari, kubali mara moja. Mei joto linapita nyuzi 40, muombe mwenyeji msogeze mbele. Kwao masi ni karibu na mji wa Mandvi, wilaya ya Kutch, humuhumu Gujarat: treni ya usiku hadi Bhuj, basi la serikali hadi Mandvi, halafu chhakdo, ile bajaji ya mizigo yenye mbele ya pikipiki, ambayo abiria wanakaa nyuma wakiwa wamebanana. Vaa nguo pana inayofunika magoti na mabega. Kama mtalala huko, ile fomu ya kuripoti mgeni inahusu nyumba hiyo pia.

Zawadi nzuri kutoka kwetu ni korosho na karafuu, zinapendwa na hazivunji mwiko wa mtu. Mandvi ni bandari ya zamani, majahazi yake yalikuja Zanzibar na Mombasa, na majahazi ya mbao bado yanaundwa kando ya mto Rukmavati. Mzee akizishika karafuu anaweza kuanza kukutajia ndugu zake wa Mombasa. Mpe nafasi azungumze, hata kama mkalimani wenu ni mtoto wa shule.

Kwa salamu, unganisha viganja, uiname kidogo. Jina la mtu mzima liongezee bhai kwa mwanamume na ben kwa mwanamke, na bibi wa nyumba mwite Ba. Utakalishwa kwenye kitanda cha kamba, uletewe maji, kisha chai iliyomiminwa kwenye kisahani. Inywe humohumo kwenye kisahani. Wataanza maswali: umeolewa, una miaka mingapi, baba anafanya kazi gani. Jibu kwa ufupi na wewe uwaulize hayohayo.

Jioni omba kukaa na wanawake karibu na moto. Mkate wa uwele, rotlo, haukandwi wote kwa pamoja, maana unga wake haushikani. Ba anachukua unga wa mkate mmoja tu, anausugua kwa kisigino cha kiganja mpaka ulainike, anaupigapiga kati ya viganja huku akiuzungusha, ukingo usipasuke, kisha anautandaza kwenye kikaango cha udongo. Unaliwa na samli, sukari guru, biringanya la kuchoma na mtindi uliozimuliwa kwa maji na chumvi. Anza na kidogo, kwani wataongeza tu. Ukishiba, funika sahani kwa viganja vyote viwili. Kusema umeshiba peke yake hakutoshi, hata mara tatu. Wanawake mara nyingi hula mwisho. Ukitaka kula pamoja nao, sema kabla wanaume hawajapakuliwa.

Picha za wanawake na za chumba cha sala, omba ruhusa kwanza. Usiku beba tochi ya kwendea choo.

Siku ya kuondoka usimpe mwenyeji hela ya chakula, atajisikia vibaya. Wape watoto kila mmoja rupia 51, au 101 ukiweza, kwa mkono wa kulia, mbele ya Ba. Hesabu inayoishia na moja ndiyo ya heri, kwa hiyo chenji ya sarafu za rupia moja itafute Bhuj mkiwa mnakwenda.